Kifyonzaji kigumu cha hewaukaa ni nini?

Ukifungua boksi la viatu vipya, mara nyingi unakuta kipakiti chenye chembechembe na onyo kwamba haziliwi. Hizo ni silika, zimewekwa zinase unyevu. Zikishiba, zipashe moto: unyevu unatoka, nazo ziko tayari kunasa tena. Kifyonzaji kigumu cha hewaukaa, yaani gesi ya kaboni dioksidi, hufanya kazi kwa mtindo huohuo, ila chenyewe hukutanishwa na moshi wa mtambo wa umeme unaochoma makaa ya mawe.

Neno kufyonza lisikupotoshe, maana gesi hainywewi kama maji kwenye sponji. Inanata kwenye kuta za vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kuta hizo ni nyingi ajabu: gramu moja tu ya mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi, inaweza kuwa na eneo la mita za mraba 1,000. Ipo pia zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, na zipo chembe, kama zile za silika, zilizopakwa amini, kemikali inayoshikana na hewaukaa.

Kibarua kizito ni kuiachisha gesi iliyokwisha kunaswa. Mtambo wa Boundary Dam nchini Kanada, ulioanza kunasa hewaukaa mwaka 2014, hutumia amini iliyochanganywa na maji. Kwa kawaida mchanganyiko wa namna hiyo hupashwa hadi nyuzi joto 120 hivi ndipo uachie, na maji hula joto jingi. Mvuke unaotumika hapo ndio ambao ungezungusha mashine za kufua umeme. Kilo moja ya silika hupanda joto kwa robo hivi ya nishati inayohitajiwa na kilo ya maji, na hapo ndipo penye matumaini. Huko Maizuru, Japani, kampuni ya Kawasaki imejenga mtambo wa majaribio kwenye kituo cha makaa ya mawe, ambako chembe zenye amini huachishwa gesi kwa mvuke wa nyuzi 60 hivi.

Moshi wenyewe una ukorofi wake. Hewaukaa ni asilimia 12 hadi 15 tu. Sehemu kubwa ni naitrojeni, pamoja na mvuke wa maji na gesi za salfa. Zeolaiti hupenda maji kuliko hewaukaa, kwa hiyo unyevu huwahi nafasi. Salfa nayo huing'ang'ania amini isiachie. Halafu kimiminika unakisukuma kwa pampu, lakini chembe zikihamishwa husuguana zikageuka vumbi.

Nikisoma habari za kifyonzaji kipya, cha kwanza ninachotafuta ni mizunguko mingapi kimepitia ndani ya moshi halisi, wenye unyevu na salfa yake.