Muogeleaji Anayekimbia: Usichue Ugoko Unaouma

Je, mbio zinamsaidia muogeleaji?
Ndiyo. Siku maji yamekupwa au bahari imechafuka, moyo na mapafu hayalali. Faida kubwa zaidi ni ya mifupa: majini mwili unaelea, kwa hiyo mifupa ya miguu haibebi uzito wa kuikomaza. Ila mbio hazifundishi kupiga mikono wala kuvuta pumzi majini. Anayejiandaa na shindano la kuogelea aogelee kwanza, mbio ziwe nyongeza.

Mbona waogeleaji wengi wakianza mbio wanaumia?
Kwa sababu pumzi wanayo, mifupa bado. Kijana aliyezoea kuogelea Raskazone, Tanga, hachoki upesi, basi siku ya kwanza tu anamaliza kilomita nane juu ya lami. Kila hatua inaushushia mguu mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Wengine wanakimbia peku kwenye mchanga ulioinama kuelekea majini, mguu mmoja juu, mwingine chini.

Ugoko unauma. Nichue na dawa ya moto, niendelee?
Hapana. Acha kukimbia, na usichue. Bonyeza mfupa kwa ncha ya kidole. Maumivu yakitanda upande wa ndani wa ugoko, huenda ni misuli na utando wa mfupa: pumzisha mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa kidole, au yakiuma usiku umelala, huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo, usingoje mwezi uishe.

Lakini nikishapata joto maumivu yanapungua.
Hata hivyo, acha kukimbia. Ufa unaoanza unaweza kutulia mwili ukipata joto, kisha unarudi na ukali zaidi. Ukimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, ili umalize mazoezi, umeizima sauti ya mfupa, ufa uko palepale. Mchuaji akiukandamiza kwa dole gumba anauzidishia madhara. Tunaomba sana: ugoko wenye maumivu ya sehemu moja hauchuliwi, hata na bibi mwenye mkono mzuri.

Eksirei haikuonyesha kitu. Si nimepona?
Bado. Wiki mbili tatu za mwanzo ufa mara nyingi hauonekani. Ukiendelea kuuma, rudi upigwe nyingine. Ukiwahi, mara nyingi unapona kwa wiki sita hadi nane. Ukiupuuza, mfupa unaweza kuvunjika kabisa. Binti ambaye hedhi imekatika miezi mitatu amwambie daktari pia, mifupa yake iko hatarini zaidi.

Nianzeje basi?
Mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane, alfajiri kabla jua la Tanga halijakaza. Tembea haraka dakika 10, kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane. Mwendo uwe wa kuweza kuongea. Kila wiki ongeza kidogo, kama sehemu moja ya kumi. Vaa raba ambazo soli haijalika. Siku ya kufanya yote mawili, ogelea kwanza: miguu iliyochoka ikikazwa na misuli kwenye kina, unaweza kuzama.

Naweza kuogelea nikiwa naponya ugoko?
Daktari akiruhusu, ndiyo. Shika boya katikati ya mapaja, tumia mikono tu, na usijisukume ukutani kwa mguu unaouma.