Je, wajua kwa nini ATM zingine husoma mishipa ya damu na si alama za kidole?

Mwisho wa mwezi pita Oginga Odinga Street pale Kisumu uone watu wa ATM, kila mtu amefunika vibonye na mkono ndio pin isionwe. Na wako sawa, maana mtu akishaiona pin na akuchomolee kadi, pesa imeenda. Sasa wengi huuliza, si benki ziweke tu alama za vidole tumalizane?

Shida ni vidole vyenyewe. Mtu wa kukata miwa huko Muhoroni ama fundi anayeshika simiti kila siku, ile michoro ya kidole inasuguka mpaka mashine haioni kitu, na wazee pia hivyo hivyo. Si tumeona siku ya kura, kidole kinakataa karani anakwambia jaribu kingine. Halafu alama zako unaziacha kila mahali, kwa glasi, kwa mlango, na mwaka wa 2002 Mjapani mmoja, Tsutomu Matsumoto, alitengeneza vidole vya jelatini (ile ya peremende laini!) vikadanganya mashine.

Ndio Wajapani wakaamua kusoma chini ya ngozi. Mashine inamulika kiganja na mwanga wa infraredi, jicho halioni, na damu inayorudi kwa moyo ikiwa imepungua oksijeni inaumeza huo mwanga, kwa hivyo mishipa inatokea kwa kamera ikiwa mistari myeusi. Hata mapacha wanaofanana kabisa, mistari yao ni tofauti. Benki za Japani zilianza hii mambo 2004, na baada ya tsunami ya 2011, watu wakiwa wamepoteza kadi, benki ya Ogaki Kyoritsu ikaleta 2012 ATM isiyotaka kadi: kiganja, tarehe ya kuzaliwa na pin, basi.

Kitu wengi hawajui, kiganja hakisomwi sawa mara mbili, kwa hivyo mashine inapima tu kama kimekaribiana vya kutosha na kile ulichosajili. Benki ikilegeza sana mwizi anapita, ikikaza sana mwenyewe unakataliwa.

Na pin ikijulikana unabadilisha, kiganja utabadilisha na nini? Pia ile ya mama kuwa mgonjwa Bondo akupee kadi umtolee pesa, hapo haiwezekani, lazima aende mwenyewe.