Hakuna Kipande cha Ubongo Kinachomiliki Kidole

Nimechoka kuulizwa na familia za wagonjwa wa kiharusi ni kidole gani "kimekufa" ubongoni, kana kwamba gamba la mwendo, yaani sehemu ya uso wa ubongo inayoamuru misuli, ni kinanda ambacho kila kitufe kina kidole chake. Chanzo ni mchoro wa mwili uliolazwa juu ya ubongo, uliotokana na kazi ya madaktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield na Edwin Boldrey ya mwaka 1937. Kwa upana wake mchoro huo ni sahihi: mguu uko karibu na mstari wa kati, mkono unafuata, uso uko chini zaidi. Ndani ya eneo la mkono, hata hivyo, mipaka ya vidole haipo. Mwaka 1993 watafiti Marc Schieber na Lyndon Hibbard walirekodi niuroni (seli za neva) za eneo hilo katika nyani waliokuwa wakisogeza kidole kimoja kimoja, wakakuta niuroni za kila kidole zimetapakaa na kuingiliana karibu eneo zima.

Wala isingewezekana vinginevyo. Jaribu kukunja kidole cha pete peke yake: kidole kidogo nacho hufuata, kwa kuwa misuli ya kigasha hugawana kano kwa vidole kadhaa. Kusogeza kimoja ni kuvizuia vingine, na kazi hiyo ya kuzuia nayo huhitaji amri. Vivyo hivyo unapokifuata kikombe, vidole huanza kufunguka mkono ukiwa bado njiani, na hufikia upana wa juu kabla ya kukigusa, kwa kadiri ya ukubwa wake.

Ndiyo maana kwa kawaida jeraha la ubongo halifuti kidole kimoja peke yake. Watafiti Lawrence na Kuypers walipokata njia za piramidi za nyani, yaani nyuzi za neva zinazoshusha amri kutoka gamba la ubongo hadi uti wa mgongo, katika kazi yao ya mwaka 1968, wanyama walirudi kutembea, kupanda na kushika kwa kiganja kizima, lakini hawakurudia kutenganisha vidole. Mgonjwa anayefumba ngumi lakini hawezi kufunga kifungo cha shati yuko karibu sana na hali hiyo.

Vitabu vya kufundishia huficha jambo moja: bado hatujakubaliana niuroni za gamba la mwendo husema nini hasa. Mtafiti Evarts, mwaka 1968, alizikuta zikifuata nguvu ya misuli. Mwenzake Georgopoulos, mwaka 1982, alizikuta zikifuata mwelekeo wa mkono, kila moja ikipendelea upande wake bila kuzikataa pande nyingine. Mimi naona kauli zote mbili zina ushahidi, na sijasoma hoja iliyoniridhisha kuchagua moja.