Unga wa Kung'arishia Kioo cha Darubini: Maana Yake na Namna ya Kuuchagua

Anayejitengenezea darubini hufika siku ambayo kusaga kumekwisha. Glasi imeshapata mbonyeo wake, lakini uso bado una ukungu na hauonyeshi sura ya mtu. Hapo ndipo unga wa kung'arishia unapohitajika. Wengi hudhani unga huu ni ule mchanga wa kusagia uliofanywa laini zaidi. Sivyo, na asiyeijua tofauti hiyo huchagua kwa kubahatisha.

Mchanga wa kusagia, kwa kawaida silikoni kabaidi, hubingirika kati ya glasi mbili na kuivunjavunja glasi. Kila chembe huacha kishimo. Mtengenezaji huanza na chembe kubwa, kama namba 80 (namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa), akashuka hatua kwa hatua hadi oksidi ya alumini ya mikroni 5 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), kila hatua ikifuta vishimo vya iliyotangulia. Unga wa kung'arishia haubingiriki. Chembe zake hunasa kwenye sahani ya lami, yaani kifaa cha kusugulia kilichofunikwa lami, zikakaa humo, na kwa msaada wa maji huondoa glasi kidogo mno bila kuipasua. Lami yenyewe ni kitu cha ajabu: ukiigonga huvunjika kama jiwe, ukiiachia muda hutiririka polepole na kufuata umbo la kioo. Isaac Newton alitumia lami pamoja na oksidi ya bati kung'arisha kioo cha darubini yake ya mwaka 1668, ingawa kioo chake kilikuwa cha shaba iliyochanganywa na bati.

Leo chaguo kubwa ni mbili. Ya kwanza ni oksidi ya chuma, unga mwekundu wa jamii moja na kutu, uliotumika vizazi na vizazi. Hufanya kazi taratibu na huacha uso laini sana, ila hutia madoa mikono, nguo na meza. Ya pili ni oksidi ya seriamu, ambayo hushikana kikemikali na silika, kiungo kikuu cha glasi, na kwa hiyo hung'arisha kwa kasi zaidi. Ipo pia oksidi ya zirkoni, nayo ni nzuri, lakini wanaoanza hawaihitaji.

Kwa anayeanza, mimi nashauri seriamu bila kusita. Kung'arisha huchosha, na anayechoka huacha vishimo vya mwisho vikiwa bado vipo. Lakini seriamu si zote sawa. Ile safi sana huwa nyeupe au ya manjano hafifu; yenye wekundu au hudhurungi kwa kawaida imechanganyika na madini mengine ya jamii yake. Hiyo nayo hung'arisha, mradi chembe zake ziwe sawasawa, za mikroni moja hadi tatu hivi, na iwe imetayarishwa kwa lenzi na vioo vya macho. Unga wa kuondolea mikwaruzo kwenye vioo vya magari nisingeuamini.

Kasi hiyo ina gharama yake. Uso wa kioo kizuri haupaswi kukosea umbo kwa zaidi ya nanomita 70 hivi (nanomita ni sehemu ya elfu moja ya mikroni), yaani sehemu moja ya nane ya urefu wa wimbi la mwanga wa kijani. Kusugua kwa haraka huleta joto, na joto huvuruga umbo. Ndiyo sababu wengine huondoa vishimo kwa seriamu, kisha hurudi kwenye unga mwekundu wanapolisahihisha umbo, tena kwa sahani nyingine ya lami.

Usafi una uzito kuliko aina ya unga. Chembe moja ya mchanga ikibaki kwenye ndoo, itachora mstari utakaokurudisha hatua kadhaa nyuma. Koroga unga kwenye maji safi, uache dakika chache chembe nzito zizame, kisha mimina yaliyo juu kwenye chupa yenye kifuniko. Mchanganyiko uwe mwepesi kama maziwa, na unga mkavu usiuvute puani.

Kujua kama umemaliza, elekeza leza ndogo kwenye kioo, usiruhusu mwanga wake ukuingie machoni. Doa la mwanga likionekana juu ya uso wenyewe, vishimo bado vipo. Tazama hasa ukingoni, ambako hukawia kuisha.