Kukuta alama za virusi kwenye maji sio sawa na kukuta ugonjwa

Huku Arusha na hata Moshi wengi tunaamini kwamba wataalamu wakichota maji bwawani wakapima wakasema wamekuta alama za virusi vya wanyama, basi yale maji yana ugonjwa na ukiyagusa tu umeupata. Ni rahisi kufikiri hivyo, neno virusi lenyewe linatisha.

Sasa iko hivi. Nyati akija kunywa maji anaacha mate, mkojo, mavi, manyoya, na humo kuna DNA yake, yaani vinasaba vinavyoonyesha ni mnyama gani, wataalamu wanachuja maji halafu kipimo cha PCR kinazidisha kile kipande kidogo cha DNA mara mamilioni mpaka kionekane, ndo maana wanajua nani kapita bila kumwona wala kumkamata, mi naona ni kazi nzuri sana. Virusi navyo vinaacha vipande, vingi ni vya RNA, aina nyingine ya vinasaba, so inageuzwa kwanza kuwa DNA. Ila kipande sio kirusi kizima, kinaweza kubaki hata kirusi chenyewe kikiwa kimeshakufa, na mto unaweza kukibeba kilomita kadhaa kutoka huko juu. Jua na joto vinakiharibu haraka zaidi.

Ukisikia taarifa ya hivyo uliza, ni kipande au kirusi hai kilichooteshwa maabara? Walichota mara ngapi, sehemu ngapi? Walipima na maji safi ya kulinganisha? Maana uchafu kidogo tu wa mkono unavuruga majibu.

Maji ya mto ya kunywa endelea kuchemsha kama kawaida, taifodi na kipindupindu vipo.