Weka ufagio chini: kuku wanapouawa usiku Bukavu

Mtu akinipigia simu alfajiri kwamba kuku wake wameuawa, neno langu la kwanza ni: usifagie. Hata pole huja baadaye. Najua si adabu, maana anayepiga simu ana uchungu. Lakini Bukavu uwanja hufagiwa kukicha, kabla moto haujawashwa, na katika zile dakika kumi za ufagio huondoka manyoya, matone ya damu, nyayo, kinyesi, kila kitu ambacho kingeniambia nani aliingia. Inabaki pengo tu pale kuku alipokuwa akilala, na pengo hilo watu hulijaza upesi kwa jina la jirani.

Mimi ni muganga wa wanyama. Natembea Ibanda, Kadutu na Bagira, na zaidi ya nusu ya simu zangu ni za kuku. Kuku wa hapa si pambo la uwanja. Familia nyingi minervali ya watoto, yaani ada ya shule, inatoka kwenye kibanda cha mbao nyuma ya jiko, na kuku watano wakipotea, kuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Ndiyo maana hasira inapanda haraka, na ndiyo maana naandika haya.

Mwezi wa kumi na moja uliopita, mvua ikiwa imeshika, mama mmoja wa Cimpunda alinipigia. "Muganga, baliniibia tena." Alikuwa na matetea kumi na moja na jogoo mmoja. Usiku wa kwanza wawili hawakuonekana, na wa tatu alikutwa amelala bila kichwa. Usiku wa pili akapotea mwingine. Nilipofika ilikuwa siku ya tatu. Uwanja ulikuwa umeshafagiwa mara mbili, mzoga umetupwa bondeni, na mshtakiwa alishapatikana: kijana wa miaka 17 wa nyumba ya chini, ambaye kila siku hukatisha kwenye parseli ile, yaani kiwanja cha mama, akienda bombani kuchota maji. Alikuwa amepelekwa kwa chifu wa avenii, yaani wa mtaa, na njiani kuna mtu aliyempiga. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho likawa dogo.

Sikuwa na kitu cha kumtetea, wala cha kumtia hatiani. Nilimwambia mama: akija tena huyo aliyekuja, usiguse chochote, unipigie.

Kazi ya mwizi wa kweli nimeiona mara nyingi, na alama yake kubwa ni usafi. Kuku haoni vizuri gizani. Ukimfikia taratibu juu ya ufito wake, ukapitisha mkono chini ya tumbo na kumbana mabawa, hukaa kimya kama aliyelala. Mwizi anajua hilo. Hakuna damu, na manyoya ni mawili matatu tu. Tena anachagua: jogoo mzito na matetea wanono wanaondoka, vifaranga na yule mgonjwa wanaachwa. Bawaba imeng'olewa au kufuli limekatwa, na mara nyingi mlango umerudishiwa. Mnyama harudishii mlango. Wezi hawa huongezeka kuelekea Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, kila mtu anapotafuta nyama, na wakati huo natilia maanani zaidi habari za kufuli kuliko za nyayo.

Mbwa ni kinyume kabisa. Mbwa wa mtaani akiingia kwenye banda haji kwa njaa, anakuja kwa mchezo. Kila kinachoruka anakidaka, anakitikisa, anakiacha na kukimbilia kingine. Utakuta kuku wanane wamekufa, hakuna aliyeliwa, manyoya yametapakaa uwanja mzima, na meno yamepita mgongoni na mapajani. Chini ya ukuta wa mbao kutakuwa na udongo uliochimbwa. Hapa Bukavu lakini tahadhari: kwenye miteremko yetu mvua kubwa ya usiku mmoja hula udongo chini ya ubao na kuacha pengo ambalo jioni halikuwepo. Nimeona watu wakilaumu mbwa kwa shimo lililochimbwa na maji. Shimo la mbwa lina mistari ya kucha na udongo uliorushwa nyuma. La maji ni laini, na udongo wake umeteremka.

Mwewe huja mchana na huchukua vifaranga, na mama kuku mwenyewe atakuwa amekwisha kupiga kelele. Panya nao hubeba vifaranga usiku hadi kwenye mashimo yao, na hutafuna miguu ya kuku anayeatamia. Ukikuta vidonda vidogo kwenye vidole vya kuku hai, usitafute mchawi, inua mbao za sakafu.

Siafu nataka kuwaeleza kwa urefu, kwa sababu wageni wa mji huu hawaamini mpaka waone. Msimu wa mvua jeshi la siafu hutoka usiku na kupita penye nyama. Kuku wazima kwenye fito wanaweza kuruka kama mlango uko wazi. Anayeatamia haondoki. Anabaki juu ya mayai yake, na siafu humwingia puani, machoni, chini ya mabawa. Nilishawahi kuitwa Muhungu asubuhi nikakuta kuku ameketi vizuri kabisa kwenye kikapu chake, kichwa kimeinama, kama anayesinzia. Nilipomwinua alikuwa mwepesi sana mkononi. Chini yake vifaranga waliokuwa wameanza kutotolewa walibaki ngozi na malaika ya manyoya. Mwenye kuku alikuwa ameamini kwamba ni sumu iliyotiwa na wifi yake. Ushahidi ulikuwa kwenye kona ya kikapu, siafu wakubwa wachache wenye taya wakiwa bado wameng'ang'ania ufito, wamekufa hivyohivyo. Ufagio ungewaondoa. Dawa yake haina gharama: kikapu kiwekwe juu ya meza, kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Ukiwakuta wakati bado wanaingia, fungua mlango kwanza, toa kuku, ndipo umwage majivu ya moto kwenye njia yao.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kisu.

Nilipokuwa nimeanza kazi, mzee mmoja wa Bagira aliniita. Kuku wake sita walikuwa wamekufa usiku, wanne wameraruliwa tumbo. Niliona meno, niliona nyayo za mbwa, nikamwambia, Baba, ni mbwa, funga vizuri. Aliuza mbuzi, akanunua kuku wengine saba, akawaweka kwenye banda lilelile. Haikutimia wiki mbili, wote walikuwa wamekufa, wengine shingo zimejipinda kuelekea mgongoni na kinyesi cha kijani kimegandamana mkiani. Ulikuwa ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri au mdondo. Mbwa alikuwa amekula mizoga tu. Mzee hakunilaumu. Alinishukuru kwa kuja, na shukrani ile naikumbuka kuliko lawama yoyote.

Tangu siku ile sitaji mnyama kabla ya kuchuna ngozi. Naloweka mzoga, navuta ngozi ya shingo na ya mgongo, natazama upande wa ndani. Kiumbe aliyeng'atwa akiwa hai damu yake huvilia: kila jino huacha doa jekundu linaloelekea zambarau, nyama imelowa kama kitambaa. Aliyeng'atwa akiwa amekwisha kufa ana matundu makavu, nyama yake ni nyeupe. Tofauti hii mtu yeyote anaweza kuiona akiwa na wembe na mwanga wa dirisha. Mkiwa mmefungua tumbo, tazameni pia lile tumbo dogo linalotangulia firigisi. Likiwa na vidoa vya damu ukutani mwake, acheni habari za mbwa. Vaa glavu, au hata mifuko ya plastiki mikononi, na mzoga wa ugonjwa uzikwe kwa kina au uchomwe. Usiliwe, usiuzwe, usitupwe bondeni, kwa maana maji ya bondeni yanashuka kwa wengine. Banda lioshwe, lipakwe chokaa na liachwe wazi wiki kadhaa kabla ya kuku mwingine kuingia. Chanjo ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi minne, na ile iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko nyingine, jambo la maana katika mji ambao umeme unakatika wakati wowote. Lakini hupewa kuku wazima. Aliyekwisha kuugua haimponyi.

Turudi Cimpunda. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi simu ililia. Mama alisema, "Sijafagia. Nimesimama mlangoni tu, nawazuia watoto."

Uwanja ulikuwa msafi, hakuna unyoya hata mmoja. Majirani waliokuwa wamekusanyika walisema, mnaona, ni mtu. Nikaomba ngazi. Juu ya paa la jiko, pale mabati yanapokutana na paa la banda, manyoya yalikuwa yamejaa. Katikati yake alikuwapo tetea mwekundu, kifua kimeliwa chote, mabawa hayajaguswa. Kwenye shingo, nyuma ya fuvu, matundu mawili, yameachana kwa upana wa kidole kidogo. Nilichuna palepale juu ya paa: damu ilikuwa imevilia pande zote mbili. Basi aling'atwa akiwa hai, na aliyemuua aling'ata mara moja tu, mahali anapopajua. Kwenye kona bati moja lilikuwa limeinuka, pengo la vidole vyangu vitatu, na kwenye msumari kulikuwa na nywele kidogo za kijivu zenye ncha nyeusi. Hatua mbili mbele, kwenye mfereji wa maji ya mvua, kinyesi cha siku tofauti kimerundikwa mahali pamoja, ndani yake manyoya, magamba ya mende na meno ya panya.

Alikuwa kanu. Wengi huku humwita paka wa pori, lakini si paka: ni mwembamba na mrefu, ana madoa meusi na mkia wenye pete, na anapanda ukuta kama mjusi. Popote kichwa chake kinapopita, mwili unafuata. Hatoki msituni Kahuzi kuja kutuibia, kama jirani mmoja alivyodai. Anaishi hapahapa, kwenye vichaka vya mabonde yetu na kwenye migomba, akila panya wetu. Watu waliniuliza kwa nini anaua watatu na kula mmoja. Porini mawindo hukimbia, yeye hubaki na mmoja. Bandani hakuna pa kukimbilia, na kila kuku anayepapatika humwamsha tena kuua. Ubaya uko kwenye bati lililoinuka.

Jioni ile tulipigilia bati, tukaziba mapengo yote chini ya paa kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko kidole gumba. Ule wavu mwepesi wa kuku, wa matundu makubwa, unazuia kuku kutoka. Kuzuia mnyama kuingia hauwezi, maana huupasua au hupitisha mkono. Chini tulilaza kipande cha wavu kwa nje, upana wa futi moja, tukakifukia na kukibana kwa mawe, ili anayechimba akutane na chuma. Kisha nikachekecha majivu ya makala, yaani makaa, juu ya ubao ulio chini ya ile kona. Asubuhi ya Jumamosi majivu yalikuwa na nyayo ndogo za mviringo, bila alama za kucha, zilizokwenda hadi kwenye wavu, zikazunguka, zikarudi. Kuku saba walikuwa hai.

Mjomba wa mama alitaka kuweka nyama yenye dawa ya wadudu wa shambani. Nilikataa kwa sauti, na nakataa tena hapa. Sumu haichagui. Nimemfanyia uchunguzi mbwa wa jirani aliyekufa kwa nyama ya namna hiyo, mbele ya mtoto aliyemlea, na nyama ile ilikuwa imewekwa mahali ambapo watoto wanacheza. Wala usimshike kanu, nguchiro au mbwa usiyemjua, hasa anayezubaa mchana bila kuogopa watu. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona kama utaumwa.

Niliomba tuite majirani wote waje wapande ngazi, mmoja mmoja, watazame paa. Chifu wa avenii alipanda pia. Kijana aliitwa, akasimama chini, hakutaka kupanda. Mama alimwambia, "Mwanangu, nisamehe," akamshika mikono yote miwili, na yeye akaitikia, "Ndiyo, mama," akitazama chini.

Nilipita tena mwezi wa pili kuwachanja kuku. Mama alikuwa amepeleka mayai kumi nyumbani kwa kijana, na mama yake kijana aliyapokea vizuri. Kijana siku hizi anachota maji kwa njia ya juu, ile inayozunguka, yenye ngazi nyingi za udongo.