Mnataka sehemu ya kukutana mtaani? Anzeni na viti

Wakazi wengi wanaokuja ofisini kwetu kuomba msaada wanakuja na mchoro mkononi, wanataka paa, jukwaa, taa, kibao cha jina, halafu swali la kwanza ni hela itatoka wapi. Mimi huwa nauliza kwanza, saa hizi mnakutania wapi? Maana karibu kila mtaa una mahali watu wanasimama wenyewe tu, chini ya mti, kwenye kona, pale ukutani penye kivuli, na hapo ndo pa kuanzia. Kile kiwanja cha kule mwisho ambacho hakuna anayekipitia hata mkikijengea vipi kitabaki kitupu.

Miaka ya 1970 mtafiti mmoja wa New York, William Whyte, aliwarekodi kwa kamera za filamu watu kwenye viwanja vya katikati ya mji na kuwahesabu, akakuta wanakaa zaidi pale penye pa kukaa. Basi. Akaona pia viti vya kuhamishika vina nguvu ya ajabu, mtu anakisogeza kidogo tu kabla ya kukaa hata kama hakuna sababu, na hapo kinakuwa chake. Kwa hiyo azimeni viti kama ishirini hivi, viwekeni pale wikiendi tatu mfululizo, mkae, halafu muangalie nani hajatokea. Wazee wapo? Wasichana wanakaa au wanapita haraka haraka? Anayetembelea kiti cha magurudumu anafika? Wale ambao hawajaja wafuateni majumbani muwaulize, wao ndo watawaambia kinachokosekana, pengine ni taa, pengine choo, pengine kuna kundi moja limekalia benchi lote kutwa nzima na wengine wanaogopa kulisogelea. Hii hatua watu wanairuka sana na inaniuma, kwa sababu hela ikishamwagwa kwenye zege hairudi.

Kuhusu kibali, msikate tamaa mapema. Mwaka 1996 kule Portland, Marekani, wakazi wa eneo la Sellwood walipaka mchoro mkubwa wa rangi kwenye njia panda yao, wakaweka kibanda cha chai na sehemu ya watoto kuchezea, na mwanzoni mji ulikataa kabisa. Waliendelea kuongea na viongozi, wakaonyesha majirani wanasemaje, na baadaye mji ukatunga utaratibu wa kuruhusu mitaa mingine ifanye hivyo hivyo, sharti mojawapo likiwa saini za majirani. Kwa hiyo saini kusanyeni kabla hamjaenda kuomba, na anayepinga msikilizeni vizuri, mara nyingi hofu yake ni kelele za usiku au maegesho na yote yanaongeleka.

Na sisi wa taasisi tuna sehemu yetu. Mkazi asizungushwe madirisha manne kwa ajili ya benchi, apewe mtu mmoja wa kumpigia, aazimwe vifaa, asaidiwe mambo ya bima, halafu uamuzi tumuachie yeye na wenzake. Nimeshaona sehemu nzuri sana ikafungwa kufuli kwa sababu ufunguo ulikuwa kwa ofisa anayeishi mbali.

Mkija kwetu njooni na majina ya watu watatu watakaofagia na kushika ufunguo. Mchoro tutauchora pamoja.